Kubadili Kipima-Mwendo cha Motokaa Nyumbani

Mtu ambaye taa za motokaa yake zimeharibika hujua mara moja, maana usiku haioni njia. Mwenye breki mbovu naye hujua, tena kwa hofu. Lakini mtu ambaye kipima-mwendo chake kimekufa huweza kuendesha gari mwezi mzima bila kujali. Gari lawaka, lakwenda, na lasimama, basi husema moyoni mwake, "Mimi ni dereva wa siku nyingi, naujua mwendo kwa sikio."

Kusema hivyo ni kujidanganya. Dereva aliyekwenda muda mrefu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika barabara kuu, akifika penye maduka na kupunguza kidogo tu, huona kana kwamba gari linatambaa. Macho na masikio yake yamekwisha kuzoea upesi, wala hayawezi kumwambia kweli. Mahali hapo ndipo watoto wa shule huvuka, na akina mama hupita na vikapu vyao. Sheria ya Kenya yaagiza kwamba gari lisizidi kilomita 50 kwa saa mjini na katika vituo vya biashara, na kwamba magari ya abiria yasizidi kilomita 80 kwa saa popote. Amri kama hizo hawezi kuzitii mtu asiyejua mwendo wake.

Kwa bahati njema, katika magari mengi ya zamani kazi ya kubadili chombo hiki si ngumu. Mwenye gari aliye mwangalifu aweza kuifanya nyumbani kwake, chini ya kivuli cha mti, kwa asubuhi moja. Lakini yapo mambo mawili ambayo hayana budi kuangaliwa sana: kwanza, kujua hakika kama ubovu umo katika kipima-mwendo chenyewe, na pili, kujua kama kile kipya chasema kweli.

GARI GANI LAFAA KAZI HII

Maneno haya yahusu magari ambayo kipima-mwendo chake huendeshwa kwa kebo itokayo katika giaboksi. Magari mengi ya miaka ya nyuma yalitengenezwa hivyo, kama vile Land Rover za zamani na Peugeot 504.

Motokaa za siku hizi ni mbali. Hizo hazina kebo. Mwendo hupimwa kwa umeme, na hesabu ya kilomita huhifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta ya gari. Ukiondoa chombo cha gari la namna hiyo na kutia kingine, huenda gari likakataa kuwaka, au likaonyesha hesabu isiyo yake, mpaka fundi mwenye vyombo vya kompyuta alirekebishe. Tena katika usukani wa magari hayo mara nyingi mna mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, nao hufumuka kwa nguvu ya baruti. Asiyefundishwa kazi hiyo asiuguse. Mwenye gari la namna hiyo na ampelekee fundi anayelijua.

Hapa tutatwaa mfano wa Land Rover ya Series IIA, iliyotengenezwa tangu mwaka 1961 hadi 1971, ambayo bado yaonekana mashambani. Mwenye gari la aina nyingine ataona kwamba njia ni ile ile, ingawa skrubu zake ziko mahali pengine.

JINSI CHOMBO KINAVYOFANYA KAZI

Mtu aliyeitwa Otto Schulze, wa mji wa Strasbourg, alipewa hati ya uvumbuzi wa kipima-mwendo cha namna hii katika mwaka 1902, na mpaka leo maarifa yake ndiyo yaliyomo ndani ya saa hizi.

Nyuma ya giaboksi mna gia ndogo inayozunguka kila magurudumu yanapozunguka. Gia hiyo huzungusha kebo, ambayo ni waya wa chuma uliosokotwa, ukipita ndani ya ala yake mpaka kwenye dashibodi. Huko juu kebo huzungusha sumaku. Karibu na sumaku mna kikombe chepesi cha alumini, nacho hakigusani nayo hata kidogo. Alumini haivutwi na sumaku, kama kila mtu ajuavyo. Lakini sumaku inapozunguka huzaa umeme kidogo ndani ya kikombe, na umeme huo hukifanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Basi kikombe chaanza kuzunguka, lakini chazuiwa na kamani nyembamba kama unywele, mfano wa ile iliyomo katika saa ya mkononi. Sumaku ikienda upesi zaidi, kikombe chaishinda kamani zaidi. Na kwa kuwa mshale umefungwa kwenye mhimili wa kikombe, mshale nao wapanda.

Kebo hiyo hiyo huzungusha pia gia ndogo ndogo zinazogeuza tarakimu za kuhesabu maili au kilomita. Kwa hiyo chombo kina kazi mbili, na kebo ni moja. Kumbuka jambo hili, maana ndilo litakalokuonyesha penye ubovu.

TAFUTA UBOVU KWANZA

Watu wengi hununua saa mpya kwa fedha nyingi, kumbe kebo ya bei ndogo ndiyo iliyokatika. Kabla ya kufungua mfuko, tazama dalili hizi.

Ikiwa mshale haupandi, na tarakimu nazo hazigeuki, yaelekea ubovu uko katika kebo, au katika gia inayoizungusha. Saa yenyewe huenda ikawa nzima.

Ikiwa mshale watetemeka na kurukaruka, au yasikika sauti ya kulia nyuma ya dashibodi, mara nyingi kebo imekauka grisi au imepindwa mno.

Ikiwa mshale wafanya kazi vizuri lakini tarakimu zimesimama, gia za ndani ya saa zimevunjika. Na ikiwa tarakimu zaenda lakini mshale umelala, au umekwama juu, ubovu umo ndani ya saa. Katika hali hizi mbili, saa ndiyo ya kubadilishwa.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio hili. Lisimamishe gari mahali tambarare na kulizima. Fungua kebo nyuma ya saa, kwa njia itakayoelezwa hapa chini, na uuvute mwisho wake uonekane. Weka gia huru na uachie breki ya mkono. Mtu mzima mmoja na akae penye usukani, mguu wake ukiwa tayari juu ya breki, na wengine walisukume gari mbele pole pole kama hatua tano au sita. Watoto wasiwepo karibu. Tazama ncha ya kebo: katika Land Rover yetu itazunguka kama mara tatu. Ikizunguka, kebo na gia ni nzima, na ubovu ni wa saa. Isipozunguka, uvute waya utoke katika ala yake. Ukitoka kipande, umekatika, na kebo mpya yatosha. Ukitoka mzima, gia ndiyo mbovu. Hiyo ni kazi ya fundi.

NAMBA ILIYO USONI MWA SAA

Sasa umejua kwamba saa imekufa. Usinunue yoyote kwa sababu tu yaenea katika tundu lake. Itazame saa ya zamani kwa makini. Chini ya uso wa saa nyingi za Smiths, ambazo zilitiwa katika magari ya Kiingereza, imeandikwa namba ndogo, kama 1000 au 1280. Namba hiyo ni hesabu ya mizunguko ya kebo kwa kila maili moja. Saa mpya haina budi kuwa na namba ile ile.

Tuonyeshe sababu kwa hesabu. Tuseme kebo ya gari lako huzunguka mara 1000 kwa maili, nawe umetia saa iliyotengenezwa kwa mizunguko 1280. Saa hiyo itaonyesha mwendo mdogo kuliko ulivyo. Ukienda kilomita 80 kwa saa, yenyewe itasema 62 na nusu. Ukiingia mjini na kushika 50 kwa uaminifu wote, kumbe unakwenda 64. Nguvu ya gari linalokwenda haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Kwa hiyo gari linalokwenda 64 lina nguvu ya kugonga, na lahitaji urefu wa kufunga breki, kuliko la 50 kwa zaidi ya nusu. Saa ya namna hii ni mbaya kuliko saa iliyokufa, maana iliyokufa haimpi mtu imani ya uongo.

Angalia pia kama saa ni ya maili au ya kilomita. Alama za barabara zetu ni za kilomita, lakini saa nyingi za Land Rover za zamani ni za maili, na maili moja ni kilomita 1.6 hivi. Anayeona 50 katika saa ya maili yuko kwenye kilomita 80 kwa saa. Ukitaka kutoka maili kwenda kilomita, kumbuka kwamba namba nayo itabadilika: mizunguko 1000 kwa maili ni sawa na kama 621 kwa kilomita.

KUITOA SAA YA ZAMANI

Vyombo vinavyohitajiwa ni bisibisi, spana ndogo, koleo, tochi, kitambaa, utepe wa karatasi, na kalamu.

Kwanza kabisa, andika tarakimu zilizomo katika saa ya zamani, pamoja na tarehe. Sababu yake tutaieleza.

Pili, ondoa betrini waya ule uliofungwa kwenye bodi ya gari. Twasema hivyo kwa makusudi, kwa kuwa katika baadhi ya magari ya Kiingereza ya zamani waya wa bodi ulikuwa wa chanya, si wa hasi. Usipoondoa waya huo, bisibisi ikigusa mahali pasipofaa nyaya zaweza kuungua, na dashibodi pamoja nazo.

Tatu, katika Land Rover ya Series IIA saa zimo katika bamba la chuma katikati ya dashibodi. Fungua skrubu zinazolishika, na ulivute bamba mbele taratibu. Usilivute kwa nguvu; nyuma yake mna nyaya na kebo, nazo si ndefu.

Nne, utaona kebo imefungwa nyuma ya saa kwa nati ya mviringo yenye meno. Ifungue kwa vidole. Ikiwa imeganda, ishike kwa koleo juu ya kitambaa, na kuilegeza polepole. Kisha chomoa balbu zilizochomekwa nyuma ya saa, na kila waya ubandike kipande cha utepe chenye namba, ili ujue utakaporudishwa. Mtu asiyefanya hivi hutumia dakika kumi kutoa, na siku mbili kurudisha.

Tano, fungua nati ndogo zinazoshika kipande cha chuma kilichopita nyuma ya saa. Saa yenyewe itatoka kwa mbele. Iweke mahali salama, wala usijaribu kuipasua ili kuitengeneza kamani yake. Kamani hiyo ikipindwa kidogo tu, mshale hautasema kweli tena.

KUITIA SAA MPYA

Kabla ya kuitia, itengeneze kebo, maana kebo mbovu itaiua saa mpya kama ilivyoiua ya kwanza. Vuta waya utoke katika ala, upanguse, na utazame kama una nyuzi zilizokatika au mahali palipopindwa. Weka juu ya meza iliyo sawa na uviringishe kwa kiganja. Ukirukaruka, umepindika, nao haufai. Ukiwa mzuri, upake grisi kidogo, lakini kipande cha juu cha sentimita 20 hivi kipanguse kiwe kikavu. Grisi nyingi hupanda na kebo mpaka ndani ya saa, ikakiganda kile kikombe chepesi tulichokitaja.

Ukisharudisha waya, ncha yake yapasa kutokeza nje ya ala kama sentimita moja. Angalia pia njia ya kebo: isipindwe kwa kona kali kuliko duara la nusu-kipenyo cha sentimita 15, na sentimita 5 za mwisho ziingie katika saa zikiwa zimenyoka.

Kisha tia saa mpya, rudisha chuma chake na nati zake bila kuzikaza mno, chomeka balbu, na ufunge kebo kwa vidole. Kabla ya kulirudisha bamba, rudisha waya wa betri na uwashe taa, uone kama balbu zote zawaka. Ndipo ufunge skrubu.

KUIJARIBU

Usiisadiki saa mpya kabla ya kuijaribu. Tafuta barabara iliyonyoka isiyo na magari mengi, penye alama mbili zilizo kilomita moja kamili. Chukua mwenzako akae karibu nawe na saa ya mkononi. Dereva asishike saa. Kazi yake ni kutazama njia.

Endesha kwa mwendo mmoja usiobadilika, ukifuata mshale. Ukiwa kweli unakwenda kilomita 60 kwa saa, kilomita moja itachukua sekunde 60. Ukienda 50, itachukua sekunde 72. Na ukienda 80, sekunde 45. Mtu mwenye simu inayopokea ishara za setilaiti aweza kuutumia mwendo unaoonyeshwa huko, mradi simu ishikwe na mwenzake.

Ikiwa mshale wasema 60 na kilomita moja yachukua sekunde 64, saa yakuonyesha zaidi kidogo kuliko ulivyo, na hilo si kosa kubwa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, yasema kipima-mwendo kisionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Lakini chaweza kuzidisha, kwa sehemu moja katika kumi na kilomita 4 juu yake. Lakini kama mshale wasema 60 na kilomita moja yachukua sekunde 52 tu, saa yakudanganya kwa upande wa hatari. Tazama tena ile namba ya mizunguko. Tazama na magurudumu pia: ukitia matairi makubwa kuliko yaliyotoka na gari, saa itaonyesha mwendo mdogo kuliko ulivyo.

TARAKIMU NI SHAHIDI

Sasa tuieleze sababu ya kuandika tarakimu za saa ya zamani. Saa mpya haijui gari lako limekwenda wapi. Tuseme ya zamani ilisimama kwenye maili 84,312, nayo ya pili, uliyoinunua imekwisha kutumika, yaonyesha 31,050. Ukiona 32,050, gari halikwenda maili 32,050, limekwenda 85,312. Asiyeandika hataweza kujua wakati wa kubadili mafuta ya injini, wala wakati wa kuzitazama breki.

Tena iko siku utaliuza gari hilo. Anayenunua hutazama tarakimu, naye hupima bei kwazo, na safari atakazozikubali. Akidhani gari ni changa, ataliamini katika mteremko ambao gari kongwe halipaswi kuaminiwa. Kumficha ni kumwibia, na labda ni kumtia hatarini pamoja na watoto wake. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1972 iliwakataza watu kuzigeuza tarakimu kwa hila. Na mahali ambapo chombo kipya hakiwezi kuwekwa kwenye hesabu ya zamani, yatakiwa ianzishwe kwenye sifuri, na karatasi ibandikwe katika fremu ya mlango wa kushoto, ikisema hesabu ya kwanza na siku ya kubadili. Hapa nasi twaweza kufanya vivyo hivyo bila kungoja kuamriwa. Andika katika daftari la gari, na katika kipande cha karatasi mlangoni: tarehe, hesabu ya saa ya zamani, na hesabu ambayo saa mpya ilianzia. Ni maneno matatu tu, na jina lako litabaki safi.

Ikiwa leo kipima-mwendo chako kimekufa, nawe huna nafasi ya kukitengeneza mpaka Jumamosi, usikae ukakisahau. Mpaka siku hiyo, punguza mwendo mapema kabla ya kufika kwenye maduka na shule, ushike gia ya chini, na uwaache wenye haraka wakupite. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Nasi twaongeza kwamba hawezi kujua kama aenda pole yule asiye na kitu cha kumpimia mwendo.